Nyanya Zikigoma Kuiva

Mvua ya kwanza ikishapiga Lubumbashi, Oktoba inapokwisha au Novemba inapoanza, mwenye nyanya lupangoni, yaani uani kwake, ana siku chache za kuamua. Muda wote wa kiangazi alikuwa akichota maji asubuhi na jioni. Miche imeshiba, matawi yameinama kwa mzigo, na nyanya karibu zote bado ni za kijani. Sasa unyevu umeingia, na umekuja na mildiu. Jana majani yalikuwa safi. Leo yana madoa ya kahawia kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, na ukiligeuza jani alfajiri unakuta utando mweupe upande wa chini. Kiumbe kinacholeta ugonjwa huu, Phytophthora infestans, ndicho kilichoozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa. Hakitaionea haya bustani ya mtu mmoja wa mtaa wa Katuba.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: vuna. Usiubembeleze mche. Wapo wanaosimama mbele ya mche mgonjwa wakiuombea uponyaji. Maombi ni kitu chema, ila yafanywe ndoo ikiwa tayari mkononi. Chuma kila tunda lisilo na doa, kisha ung'oe mche uliougua na kuupeleka mbali na vitalu vingine. Tunda lenye doa la kahawia, gumu, lililoingia ndani ya nyama, usiliweke pamoja na mengine hata kama upande wake mmoja unang'aa. Litaoza, na litaoza na wenzake.

Wengine huifikia ndoo ya kijani kwa njia ya Juni na Julai. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi hiyo usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Nyanya haifi kwa baridi hiyo, inakaa tu. Wiki inapita, ya pili inapita, nayo ipo pale pale, ngumu, ya kijani, haina mpango wowote na wewe. Ukitaka kitalu chako upande kitu kingine, utazichuma hivyo hivyo, na watu wa nyumbani watakutazama ukiingia na ndoo ya tatu.

Hatua ya pili ambayo wengi huikimbilia ni kugawa. Jiokolee miguu. Mvua iliyonyesha kwako Katuba ndiyo iliyonyesha mitaa ya Kenya, Ruashi na Kisanga. Jirani yako naye ana ndoo yake nyuma ya mlango, na akikuona unakuja na kikapu kilichofunikwa kitambaa anajua vizuri kilichomo. Atakuwahi na chake. Sokoni nako usitegemee sana. «Hii mubichi? Apana yaya, uirudishe kama inaiva,» ndilo jibu la mama muuzaji, na yuko sahihi, kwa sababu wateja wake wanatafuta nyekundu ya kupikia leo jioni.

Na kutupa? Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Bustani za mji huu zina historia ya njaa. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kufikia 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakatika miezi kwa miezi, na familia zilizozoea kupokea unga wa kampuni zikashika jembe. Mabonde ya pembezoni mwa mji yakageuka vitalu vya lengalenga, kabichi, vitunguu na nyanya, na wengi walioyalima walikuwa kina mama. Mji ulikula kwa mikono hiyo. Mtu anayemwaga ndoo ya nyanya kwenye mtaro kwa sababu ya rangi yake anamwaga maji yaliyobebwa kichwani, na mimi sioni sababu nzuri ya kufanya hivyo hata moja.

Basi turudi kwenye ndoo. Chukua kisu kikali na nyanya mbili tatu za ukubwa tofauti, uzikate katikati kwa upana. Angalia mbegu. Kama zimezungukwa na ute, na kisu kimezisukuma pembeni badala ya kuzikata, nyanya hiyo imekomaa. Ni ya kijani kwa sasa tu, na itaiva hata ukiiweka kabatini. Kama ndani ni nyama kavu na kisu kimezipasua mbegu vipande, hiyo haijakomaa. Haitaiva. Unaweza kuivika blanketi, kuipanga dirishani, kuiimbia, itasinyaa tu. Kipimo hiki cha kisu ndicho kitakachogawa mzigo wako mara mbili, na ni vizuri kukifanya siku ile ile ya kuvuna, maana nje zote zinafanana. Zilizokomaa kwa kawaida zimeanza kupauka kidogo kitakoni na ngozi yake inang'aa. Ukishakata chache, jicho lako litajifunza zilizobaki.

Zilizokomaa zipange kwenye boksi la karatasi, kikonyo kikitazama chini, zisibanane, na katikati uweke ndizi moja au mbili zilizoiva. Ndizi hutoa gesi ya ethilini, na nyanya nayo ikiipata huanza kutengeneza yake. Mwanga hauhitajiki, kwa hiyo zile nyanya zinazopangwa dirishani kila mwaka zinafaidi mandhari tu. Kinachohitajika ni joto la wastani, kati ya nyuzi 18 na 22. Zikizidi 30, wekundu wenyewe haujengeki vizuri na utapata rangi ya chungwa; ndiyo maana boksi lisikae chini ya bati la paa saa saba mchana. Friji nayo iache. Chini ya nyuzi 10 hivi nyanya mbichi huumia kwa ndani, na ukiitoa inaoza badala ya kuiva. Pitia boksi kila siku, toa iliyoiva, toa iliyoanza kulainika vibaya. Hiyo ni nusu ya kazi, na ni nusu isiyohitaji akili nyingi.

Sasa zile zisizokomaa, na zile zilizokomaa ambazo huna subira nazo. Hapa watu huharibu, na huharibu kwa njia moja: wanazipika kama nyanya. Wanachukua kitunguu, mafuta, nyanya za kijani, wanangoja mchuzi mwekundu na mtamu, wanapata kitu cha kijivu kinachokunja midomo, kisha wanatangaza kwamba nyanya mbichi hazifai. Nyanya mbichi inafaa sana, ila kazi yake ni nyingine. Haina utamu wala wekundu. Ina uchachu na nyama ngumu isiyovunjika haraka. Ifikirie pale ambapo ungekamua ndimu, pale ambapo ungetaka kitu kikatae mafuta ya samaki. Ukishaliweka hilo kichwani, ndoo inaanza kushuka yenyewe.

Kabla ya kupika, zioshe kwa maji safi, uzisugue kwa mkono. Nasema hivi kwa uzito wote kwa sababu tuko Lubumbashi, mji uliozaliwa na tanuru la shaba lililowashwa mwaka 1911, na vumbi letu halifanani na vumbi la mahali pengine. Watafiti wa chuo kikuu chetu wamepima udongo na mboga za mji huu na kukuta shaba, kobalti na metali nyingine. Habari njema kwa mwenye nyanya ni kwamba tunda hubeba kidogo kuliko majani. Nyingi ya iliyo juu yake ni vumbi, na vumbi linaoshwa. Kata na sehemu ya kikonyo. Majani na shina la mnyanya usiyale kamwe; yana sumu ya mmea, tomatini na ndugu zake. Tunda la kijani nalo lina tomatini kidogo, ndiyo ladha ile ya ukakasi unayoisikia nyuma ya ulimi. Mtu mzima akila sahani ya kawaida haimdhuru. Mtoto mdogo apewe kidogo, na usimpe mtu yeyote bakuli zima la mbichi kabisa kama saladi.

Jambo la sufuria pia. Zile sufuria nzito za aluminiamu zinazosubiwa mitaani kutokana na vyuma chakavu ni nzuri kwa bukari (ugali), lakini uchachu unaila aluminiamu, na katika chakavu huwa mna hata risasi. Kwa nyanya mbichi tumia sufuria ya enameli isiyobanduka au ya chuma kisichoshika kutu. Na katika mji wa shaba naomba tuelewane: sufuria ya shaba ibaki ukutani kama pambo.

Tuanze na samaki, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Chukua thomson, mkate vipande, mtie chumvi. Panga chini ya sufuria vitunguu, juu yake vipande vya nyanya mbichi vya unene wa kidole, juu yake samaki, kisha tabaka jingine la nyanya, pilipili mbili nzima, tangawizi iliyopondwa, mafuta kidogo sana kwa kuwa thomson ana ya kwake. Usitie maji. Funika, moto mdogo, dakika 25. Nyanya zitatoa maji yake, na yale mafuta mazito ya samaki yatakatwa na uchachu mpaka utashangaa bukari imeishia wapi. Kwa kapenta mkavu ni rahisi zaidi: mkaange akauke, weka vitunguu, na nyanya mbichi zilizokatwa ndogo ziingie mwishoni, dakika tano tu, zibaki na ugumu wake.

Lengalenga au majani ya maboga yaliyopikwa na karanga iliyosagwa nayo yanaipenda nyanya mbichi. Karanga ni nzito, inataka kitu cha kuiamsha. Lakini shika mpangilio: majani kwanza, karanga iive, nyanya baadaye. Uchachu ukitangulia, majani hugeuka rangi ya khaki na kuwa magumu. Kwa maharagwe kosa hili ni ghali zaidi. Ukitia nyanya mbichi kwenye maharagwe ambayo hayajalainika, hayatalainika. Utakaa mbele ya mbabula, lile jiko la makaa, mpaka usiku ukiongeza makala juu ya makala. Maharagwe yaive kabisa, ubonyeze moja kwa vidole lisagike, ndipo nyanya ziingie. Kwenye sombe, majani ya muhogo, mimi sitii. Ina mchikichi wake na mambo yake, iachwe kwa amani.

Siku ambayo kuna wageni, au timu ya Mazembe inacheza Kamalondo na nyumba imejaa watu waliokuja kuangalia kwako, kaanga. Kusini mwa Marekani nyanya za kijani huvikwa unga wa mahindi na kukaangwa, na filamu ya mwaka 1991 iliyobeba jina la chakula hicho iliwafanya watu wa nchi nyingi wakijue. Tazama viungo: nyanya mbichi, unga wa mahindi, mafuta. Sisi tunaopanga foleni kwa ajili ya unga wa mahindi, tunaojua bei ya kipimo chake, meka, kila asubuhi, tungekuwa wa kwanza kukivumbua. Kata nyanya vipande vya sentimita moja, usizidishe wembamba. Nyunyiza chumvi, ziache robo saa, ufute maji yanayotoka. Ukiruka hapo unga utabanduka na kubaki kwenye kikaango. Chovya kwenye yai lililopigwa au maziwa ya mgando, kisha kwenye unga uliochanganywa na chumvi na pilipili ya kusaga. Mafuta yawe ya moto kweli: dondosha punje ya unga, ikivuma mara moja, weka. Dakika tatu upande mmoja, tatu wa pili, nje iwe ya dhahabu na inakatika meno yakigusa, ndani laini na chachu. Iliwe hapo hapo, na bia ya Simba ya baridi kwa anayekunywa. Nusu ndoo itaondoka kabla ya mapumziko.

Zinazobaki ndizo za kuhifadhi, na hapa nina msimamo. Watu wengi wakisikia kuhifadhi wanafikiria jamu au mchuzi wa kuchemsha saa tatu. Jamu ya nyanya mbichi ipo, ni tamu, Wabelgiji na Wafaransa wanaijua. Lakini inakula kilo ya sukari na nusu siku ya moto, na moto wetu ni makala, na makala ni miombo inayokatwa kila mwaka mbali zaidi na mji. Kuchoma gunia la makala ili kuokoa ndoo ya nyanya ni hasara mara mbili. Kugandisha kwenye friji nako ni kuweka chakula rehani kwa umeme. Njia inayotufaa ni ile isiyotaka moto wala umeme: chumvi na maji.

Chemsha maji mara moja asubuhi unapochemsha ya chai, yaache yapoe kabisa. Hivyo hata klorini itakuwa imepungua. Katika kila lita moja koroga gramu 50 za chumvi, vijiko vitatu vya mezani vya chumvi laini vilivyosawazishwa. Chukua chupa za mdomo mpana, hata zile za mayonezi, zioshwe na kusuuzwa kwa maji ya moto. Nyanya ndogo zitie nzima baada ya kuzitoboa kwa uma mara mbili. Kubwa zikate vipande vinne. Katikati yake weka vitunguu saumu vilivyomenywa, pilipili kichaa kadiri unavyoithubutu, kipande cha tangawizi. Jaza maji ya chumvi mpaka yazifunike zote.

Neno la kushika hapo ni «zote». Kinachozama kinachacha, kinachoelea kinaota ukungu. Chukua mfuko mdogo safi wa plastiki wa chakula, ujaze maji yale yale ya chumvi, ufunge, uukandamize juu ya nyanya ndani ya mdomo wa chupa, utazizuia zisipande. Funika bila kukaza. Weka chupa juu ya sahani, mahali penye kivuli.

Siku ya pili au ya tatu utaona mapovu madogo yakipanda pembeni mwa kioo, na maji yaliyokuwa meupe yataanza kuwa na mawingu. Usiogope, hiyo ni kazi inafanyika: bakteria wa uchachu wanakula sukari kidogo iliyomo na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayofukuza bakteria wabaya. Kila siku fungua kidogo gesi itoke, kisha zamisha tena kilichopanda. Rangi ya kijani kali itageuka kuwa ya zeituni. Utando mweupe mwembamba juu ya maji uondoe kwa kijiko. Ukungu wenye manyoya, wa rangi ya buluu, nyeusi au waridi, au harufu ya kuoza, ni hukumu tofauti: mwaga chupa nzima, usionje hata kidogo. Kwa joto la Novemba, siku saba hadi kumi zinatosha kupata nyanya inayokatika kwa sauti, yenye chumvi, chachu, na moto wa pilipili unaofika ukiwa umechelewa. Onja siku ya saba. Ikikupendeza, ipeleke mahali penye ubaridi zaidi nyumbani, ikae chini ya maji yake.

Anayetaka achari ya siki, kama zile za maembe za watu wa pwani, afanye hivi: vipande vya nyanya vilale na chumvi usiku mmoja, asubuhi vichujwe na kukamuliwa, viingie kwenye chupa na saumu, tangawizi na pilipili, kisha siki ya dukani ivifunike kabisa. Usijaze mafuta mahali pa siki. Saumu iliyozama kwenye mafuta bila uchachu wa kutosha inaweza kutengeneza sumu isiyonuka wala kuonekana. Siki kwanza, mafuta ukitaka uyaongeze wakati wa kula.

Sasa una kitu cha kugawa. Jirani yule yule aliyekuwahi na ndoo yake atapokea chupa kwa mikono miwili, kwa sababu chupa inakaa pembeni ya bukari mwezi mzima na ndoo inakaa mlangoni mpaka inaoza. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi ukigandishe ubavuni, na mweleze azamishe vipande vyake kila akichota, kwa kijiko kikavu, si kwa vidole.

Maji ya chumvi yaliyobaki chupani usiyamwage nyanya zikiisha. Vijiko viwili vinakoleza kachumbari ya kabichi, vijiko vitatu vinaamsha mchuzi wa samaki uliopoa ladha. Na nusu kikombe kikiingia kwenye chupa mpya ya nyanya, mapovu huanza siku ile ile ya kwanza.